Chakula cha Biafra: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Misaada Iliyogombaniwa na Mataifa

Kila habari zinapotaja malori ya chakula yaliyokwama kwenye mpaka wa eneo linalotaka kujitenga, jina la Biafra hurudi midomoni mwa watu. Wazee wa Tanzania wanalikumbuka kwa sababu ya Mwalimu Nyerere. Vijana wengi wanaijua picha ya mtoto mwenye tumbo lililovimba, bila kujua ilipigwa katika vita gani. Hapa chini kuna maswali yanayojitokeza zaidi. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Lile la ndege za usiku ni refu, na kwa maoni yangu ndilo lililobeba kiini cha ugomvi wote.

Biafra ilikuwa wapi, na ilijitenga kwa nini?

Lilikuwa Jimbo la Mashariki la Nigeria: nchi ya Waigbo hasa, pamoja na Waefik, Waibibio, Waijaw na wengine, ambao si wote walioulizwa kama wanataka kuwemo.

Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi, wengi wao Waigbo, walipindua serikali na kuwaua viongozi kadhaa, akiwemo Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa. Julai mwaka huohuo yakaja mapinduzi ya kulipiza kisasi, yaliyomweka Yakubu Gowon madarakani. Mwaka huo Waigbo waliokuwa wakiishi Kaskazini waliuawa kwa maelfu, na walionusurika wakakimbilia kwao mashariki. Mkutano wa upatanisho uliofanyika Aburi, Ghana, Januari 1967, ulizaa makubaliano ambayo kila upande uliondoka nayo na tafsiri yake. Tarehe 27 Mei Gowon akaigawa Nigeria katika majimbo 12, mgawanyo ulioyaondoa maeneo ya mafuta na bandari mikononi mwa Waigbo. Siku tatu baadaye gavana wa kijeshi wa Mashariki, Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu, akatangaza Jamhuri ya Biafra. Vita vilianza tarehe 6 Julai 1967, vikaisha tarehe 15 Januari 1970.

Mashariki ni nchi ya viazi vikuu na muhogo. Njaa ilitoka wapi?

Wanga ulikuwepo, angalau mwanzoni. Kilichokatika ni kitoweo. Ng'ombe walikuwa wakitoka Kaskazini, na samaki mkavu walikuwa wakija kwa meli kutoka Norway. Vita vilipoanza Lagos, yaani serikali ya Nigeria katika mji mkuu wa wakati huo, ilifunga bahari na barabara. Bonny ilitekwa Julai 1967, Calabar Oktoba, Port Harcourt Mei 1968, na tangu hapo Biafra haikuwa na bandari hata moja. Kadiri jeshi la shirikisho lilivyosonga mbele, mashamba yalipungua na wakimbizi wakazidi kubanana katika kipande cha nchi kilichobaki.

Mtoto anayelishwa muhogo mtupu mwezi baada ya mwezi hupata kwashakoo: miguu huvimba, nywele hupauka, hamu ya kula hupotea. Katikati ya mwaka 1968 watoto wa hali hiyo walijaa makambini, na picha zao zikaanza kutoka kwenye magazeti ya Uingereza. Waliokufa katika vita vile, wengi wao kwa njaa na maradhi yanayoandamana nayo, hukadiriwa kuwa kati ya nusu milioni na milioni tatu. Ukiona makadirio yametanuka namna hiyo, jua hakuna aliyehesabu.

Je, ni kweli Nigeria ilikataa chakula kisipite?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na jibu lake huwaudhi wa pande zote mbili.

Msimamo rasmi wa Lagos ulikuwa kwamba chakula kipite, ila kipite kwetu: tukione, tukikague, kisha kivuke mstari wa mbele kwa barabara. Njia iliyotajwa ilipitia Enugu, mji uliokuwa mikononi mwa jeshi la shirikisho tangu Oktoba 1967, hadi Awgu, na kutoka hapo kuingia Biafra. Ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na Lord Hunt, Julai 1968, uliliunga mkono wazo la njia ya nchi kavu. Na kwa hesabu ya tani tupu walikuwa na hoja, maana msafara wa malori hubeba kuliko ndege.

Ojukwu alikataa. Sababu zilizosemwa hadharani zilikuwa mbili: chakula kitatiwa sumu, na barabara iliyofunguliwa kwa malori itapitisha vifaru nyuma yake. Habari ya sumu iliaminiwa na watu wengi, na kwa watu waliotoka kushuhudia ndugu zao wakichinjwa miaka miwili tu nyuma, hofu hiyo haishangazi. Lakini kulikuwa na sababu ya tatu, na ndiyo iliyokuwa nzito. Kupokea chakula kilichogongwa muhuri Lagos ni kukiri kwamba Lagos ndiyo serikali. Na kwa Lagos, kuziacha ndege za kigeni zitue Biafra bila idhini yake ni kukiri kwamba anga ile si yake tena. Basi kila upande ulitaka chakula kifike, kwa sharti kwamba kikifika kiwe kimemuumbua mwenzake.

Wala tusiifanye Lagos kuwa afisa forodha mkali tu. Ndani ya serikali ile walikuwemo waliosema waziwazi kwamba njaa ni silaha ya vita kama silaha nyingine. Obafemi Awolowo, aliyesimamia wizara ya fedha, anakumbukwa kwa kauli ya namna hiyo, na kwa Waigbo wengi kauli hiyo haijasamehewa hadi leo.

Ndege za misaada zilitokea wapi?

Kutoka vituo vinne, na kila kimoja kilikuwa na siasa yake.

São Tomé ilikuwa bado koloni la Ureno. Hapo ndipo makanisa yalipoweka kambi: Caritas ya Wakatoliki, makanisa ya Kiprotestanti ya nchi za Skandinavia, Canairelief ya Kanada na wengineo, wote chini ya muungano uliojiita Joint Church Aid. Hawakuomba ruhusa Lagos. Marubani waligeuza herufi JCA zilizoandikwa ubavuni mwa ndege kuwa "Jesus Christ Airlines".

Kituo cha pili kilikuwa kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliruka kutoka hapo, na kwa muda kilikuwa kituo kizuri kwa sababu ya ukaribu wake. Oktoba 1968 kisiwa hicho kikawa sehemu ya Guinea ya Ikweta iliyopata uhuru kutoka Hispania, chini ya Rais Francisco Macías Nguema. Mashamba ya kakao ya kisiwani yalitegemea vibarua wengi kutoka Nigeria, na serikali mpya haikuwa na hamu ya kugombana na jirani mkubwa. Ikakataza ndege kubeba dizeli. Dizeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha malori ya kugawa chakula ndani ya Biafra. Mwanzoni mwa 1969 safari zikasimamishwa, na Msalaba Mwekundu ukalazimika kutafuta kituo cha tatu huko Cotonou, Dahomey, nchi ambayo sasa ni Benin.

Cha nne ni Libreville, Gabon. Msalaba Mwekundu wa Ufaransa uliruka kutoka hapo, na shirika la Africa Concern la Ireland pia. Kutoka Libreville hiyohiyo ziliruka silaha za Ufaransa.

Kwa nini ziliruka usiku?

Baada ya Port Harcourt kuanguka, mlango mkuu wa Biafra ulikuwa Uli: kipande cha barabara kuu kilichopanuliwa kikawa njia ya kutulia ndege, kikipakana na msitu. Mchana kilifunikwa kwa matawi. Usiku taa ziliwashwa kwa dakika chache ndege inapokaribia kugusa ardhi, kisha zikazimwa. Juu yake ilizunguka ndege ya Nigeria iliyodondosha mabomu kila taa zilipowaka. Kuna usiku ambao zaidi ya ndege 40 zilitua hapo. Joint Church Aid peke yake ilikamilisha zaidi ya safari 5,000 na kufikisha karibu tani 60,000.

Ungedhani mtu yeyote mwenye akili angechagua mchana. Lagos ilisema hivyohivyo: rukeni mchana, tuwaone, hatutawagusa. Msalaba Mwekundu ulikubali. Tarehe 13 Septemba 1969 ulitia saini na Nigeria makubaliano ya safari za mchana kutoka Cotonou kwa majaribio, na Nigeria ikiwa na haki ya kuziita ndege zishuke Lagos kukaguliwa. Biafra ikakataa. Magazeti ya Ulaya yaliyokuwa yakiitetea Biafra yalipigwa na butwaa.

Sasa tazama hesabu ilivyokuwa. Silaha za Biafra nazo ziliingia kwa Uli, usiku, katikati ya ndege za maziwa ya unga. Rubani wa ndege ya kivita ya Nigeria, gizani, hakuwa na namna ya kujua ipi imebeba samaki na ipi imebeba risasi. Ndege za misaada zikihamia mchana, zinazobaki usiku ni za silaha tupu, na hapo Nigeria ingepiga bila kuogopa lawama za dunia. Kwa hiyo safari za mchana, zilizoonekana kama huruma, zilikuwa pia mbinu ya kuiacha Uli uchi. Lagos ilijua hivyo. Viongozi wa Biafra walijua hivyo. Hata maandishi ya makubaliano yalieleza kwamba hayazuii hatua za kijeshi za serikali ya shirikisho, na Biafra iliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: nani atazuia ndege ya kivita isiingie nyuma ya ndege ya misaada wakati uwanja umefunguliwa saa za mchana?

Hata hivyo, watoto waliokuwa wakisubiri maziwa hawakuwa na habari ya Uli usiku wala mchana. Ojukwu alikuwa na hoja ya kijeshi iliyosimama sawasawa, na alilipia hoja hiyo kwa maisha ya watu wake. Sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Je, silaha zilifichwa ndani ya ndege za misaada?

Mwanzoni mstari ulikuwa hafifu mno. Katika miezi ya kwanza ya 1968 mashirika ya misaada yalikuwa hayana ndege zao, hivyo yalinunua nafasi kwenye ndege za Hank Warton, Mmarekani mwenye biashara ya kubeba silaha za Biafra kutoka Lisbon. Rubani yuleyule, ndege ileile, uwanja uleule. Baadaye makanisa na Msalaba Mwekundu yalipata ndege zao na yakashikilia kwamba yamebeba chakula, dawa na mafuta ya malori tu. Lagos haikuyaamini kamwe.

Kuna msaada mwingine wa kivita uliopita kwa njia halali kabisa, na hauonekani kwenye picha. Mashirika yalihitaji kununua viazi vikuu na muhogo ndani ya Biafra, kulipa vibarua, kukodi malori. Yalilipa fedha za kigeni Ulaya, kwenye akaunti za serikali ya Biafra, nayo serikali ikatoa pauni za Biafra kwa matumizi ya ndani. Fedha hizo za kigeni zilinunua kila kitu ambacho serikali iliyozingirwa huhitaji, na silaha zilikuwa juu kwenye orodha.

Nini kilitokea tarehe 5 Juni 1969?

Ndege ya kivita ya Nigeria iliidungua ndege aina ya DC-7 ya Msalaba Mwekundu wa Sweden, iliyokuwa ikiruka chini ya bendera ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Watu wote wanne waliokuwemo walikufa. Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake.

Siku chache baadaye Nigeria ikamtangaza August Lindt kuwa mtu asiyetakiwa nchini. Lindt alikuwa mwanadiplomasia wa Uswisi, aliyekuwa balozi wa nchi yake Moscow kabla ya kukabidhiwa shughuli za Msalaba Mwekundu Afrika Magharibi. Mwisho wa mwezi huo Lagos ikaiondolea Kamati kazi ya kuratibu misaada nchini Nigeria na kuikabidhi tume yake yenyewe. Makanisa, ambayo hayakuwa na makubaliano yoyote na Lagos ya kupoteza, yaliendelea kuruka. Hapo pana jambo la kufikirisha: shirika lililofuata taratibu lilikwama, na lililozipuuza likafika.

Huyo Msweden aliyerusha ndege za misaada kisha akapiga mabomu ni nani?

Carl Gustaf von Rosen. Katika vita vya Waitaliano na Ethiopia miaka ya 1930 alirusha ndege ya Msalaba Mwekundu upande wa Waethiopia. Agosti 1968 alivunja mzingiro kwa kuruka chini sana, mchana, hadi Uli na shehena ya makanisa. Mei 1969 akarudi akiwa na vindege vidogo vya Kiswidi vilivyofungwa roketi, akashambulia viwanja vya ndege vya Nigeria, Port Harcourt ukiwa wa kwanza.

Waliomshangilia walikuwa wengi. Lakini ndege ya Msalaba Mwekundu wa Sweden ilidunguliwa wiki mbili tu baada ya Msweden huyo kuanza mashambulizi, na sidhani kama mtu wa Lagos aliyetoa amri alikuwa na subira ya kutofautisha Msweden na Msweden.

Tanzania iliingiaje kwenye jambo hili?

Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Ikafuata Gabon na Ivory Coast mwezi Mei, Zambia ya Kenneth Kaunda tarehe 20 Mei, na Haiti mwaka 1969. Hao ndio wote. Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Tanzania.

Mwalimu alieleza sababu zake mwezi huohuo kwa makala katika gazeti la Observer la London. Kwa ufupi, hoja yake ilikuwa kwamba umoja husimama kwa ridhaa ya wanaounganishwa. Dola ipo ili kulinda watu wake, na watu ambao dola imeshindwa kuwalinda, wakachinjwa na kufukuzwa kila pembe, hawawezi kulazimishwa kwa bunduki kuipenda. Alilitumia suala la Wayahudi na taifa lao kama mfano. Septemba 1969 alirudia hoja hizo kwa waraka aliousambaza kwa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Addis Ababa.

Uamuzi ule uliwashangaza wengi, kwa sababu Mwalimu huyuhuyu ndiye aliyekuwa mstari wa mbele Cairo mwaka 1964 katika azimio la OAU la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na mwaka huohuo alikuwa ameunganisha Tanganyika na Zanzibar. Wapinzani wake walimuuliza kama Wazanzibari nao wangeruhusiwa kubadili mawazo. Swali hilo lilikuwa la haki, na bado linaulizwa.

Mimi naona uamuzi wake ulikuwa na uzito wa kimaadili na matokeo madogo. Alitumaini kwamba kutambuliwa kungeisukuma Lagos mezani na wengine wangefuata. Wengine hawakufuata. Pengine kulimpa Ojukwu tumaini la kushikilia. Tazama pia waliokuwa upande wake: Ureno, iliyokuwa ikipigana na wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa na makao yao Dar es Salaam, ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa ndege za Biafra kule São Tomé. Mwalimu hakujificha kuhusu aibu ya ujirani huo. Alikataa tu kwamba ubaya wa rafiki wa mtu ni ushahidi dhidi ya mtu mwenyewe.

Na majirani zetu walisimama wapi?

Karibu wote na Nigeria. Kwenye mkutano wa OAU wa Algiers, Septemba 1968, nchi 33 zilipiga kura kuunga mkono umoja wa Nigeria na nchi nne zikapinga. Kenya ilikuwa imetoka vitani na Wasomali wa kaskazini mashariki waliotaka kujitenga, kwa hiyo usingeitarajia ishangilie. Kongo ilikuwa na Katanga, iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe toka 1960 hadi 1963. Mobutu alikaa kwenye kamati ya OAU ya kushughulikia Nigeria, na msimamo wake haukuhitaji kubashiriwa. Haile Selassie, mwenyekiti wa kamati hiyo, alikuwa na Eritrea.

Uganda ilijaribu upatanishi. Mei 1968 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo yaliyoandaliwa na Jumuiya ya Madola, Anthony Enahoro akiongoza upande wa Nigeria na Jaji Louis Mbanefo upande wa Biafra. Port Harcourt ilikuwa imeanguka siku chache kabla, na mshindi hana haraka ya kusimamisha vita. Mazungumzo yakavunjika. Yaliyofuata Niamey na Addis Ababa yalizungumzia hasa njia za misaada, nayo yakakwama palepale: barabara au anga. Papa Paulo wa Sita alipotembelea Kampala mwishoni mwa Julai 1969 alikutana na wajumbe wa pande zote mbili. Na hilo halikuzaa kitu.

Mataifa makubwa je?

Uingereza iliiuzia Nigeria silaha, ikiwa na kampuni ya Shell-BP na mafuta ya Delta ya Mto Niger moyoni. Muungano wa Kisovieti uliipa ndege za kivita, hivyo London na Moscow zikajikuta upande mmoja katikati ya Vita Baridi. Ufaransa ya de Gaulle ilisema Julai 1968 kwamba watu wa Biafra wana haki ya kujiamulia, haikuitambua, na ikapitisha silaha kwa mlango wa nyuma kupitia Gabon na Ivory Coast.

Marekani ilikuwa Vietnam na haikutaka vita vingine. Ilikataa kuuza silaha kwa yeyote, lakini Desemba 1968 iliwauzia makanisa na Msalaba Mwekundu ndege nane kubwa za mizigo aina ya C-97, nne kwa nne, kwa bei ya kutaja tu. Nigeria ilipiga kelele. Mwaka 1969 Nixon alimteua Clyde Ferguson kuratibu misaada, naye akapendekeza kupitisha chakula kwa maboti kwenye Mto Cross. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu mto si barabara ya vifaru wala si anga ya silaha. Likazungumzwa, likabadilishwa, likafa.

Umoja wa Mataifa ulisema ni jambo la ndani la Nigeria, ukarudi kukaa.

Je, misaada ilirefusha vita?

Wapo wanaoamini hivyo, wakiwemo baadhi ya waliofanya kazi hiyo wenyewe. Hoja yao: bila ndege za usiku, fedha za kigeni na kificho cha Uli, Biafra ingesalimu amri mwishoni mwa 1968, na waliokufa 1969 wangeishi. Upande mwingine husema watoto wengi waliolishwa wasingefika 1969.

Mimi siwezi kuwaambia wauguzi wa kambi za kulishia watoto kwamba wangekaa nyumbani. Ila hoja ya kwanza si ya watu wakatili, na anayeandaa misaada leo asiipuuze. Serikali ya Biafra ilikuwa na kampuni ya uenezi Geneva, Markpress, iliyojua vizuri nguvu ya picha ya mtoto mwenye njaa. Lawama ya kuzingira ni ya Lagos. Lawama ya kuifanya njaa kuwa mtaji wa kisiasa wanagawana.

Madaktari Wasio na Mipaka walianzia hapo?

Kwa sehemu, ndiyo. Baadhi ya madaktari wa Ufaransa waliojitolea Biafra chini ya Msalaba Mwekundu, Bernard Kouchner akiwa mmoja wao, walirudi na hasira dhidi ya kanuni ya kunyamaza. Desemba 1971 walishiriki kuanzisha Médecins Sans Frontières.

Vita vilipoisha, walioleta chakula walishukuriwa?

Hapana. Ojukwu aliondoka kwenda Ivory Coast Januari 1970, na Philip Effiong akatangaza kusalimu amri. Gowon alisema hakuna mshindi wala mshindwa, na kwa kiasi kikubwa hapakuwa na mauaji ya kisasi yaliyoogopwa. Lakini kuhusu misaada hakusahau: alikataa kupokea chochote kutoka Ufaransa, Ureno, Afrika Kusini na Rhodesia, na vilevile kutoka kwa mashirika yaliyoruka bila kibali, yakiwemo Caritas, Joint Church Aid, Canairelief na Msalaba Mwekundu wa Ufaransa. Maghala ya São Tomé yalikuwa na chakula, na watu wenye njaa walikuwa umbali wa saa chache kwa ndege. Uli ilifungwa.

Wamisionari wa Kikatoliki waliobaki Mashariki, wengi wao Waayalandi, akiwemo Askofu Joseph Whelan wa Owerri, walishtakiwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria, kisha wakafukuzwa. Walikuwa wameingia kwa ndege za usiku. Kwa sheria ya Nigeria kosa lilikuwepo.

Sheria ya kimataifa inasemaje sasa?

Wakati ule ilisema kidogo. Mikataba ya Geneva ya 1949 iliandikwa hasa kwa vita vya nchi na nchi. Itifaki mbili za nyongeza za 1977 zilipiga marufuku kuwalaza raia na njaa kama mbinu ya vita, hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 Baraza la Usalama likalilaani jambo hilo kwa azimio namba 2417, na mwaka 2019 nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zikaliongeza katika orodha ya uhalifu wa vita vya ndani.

Muhuri, hata hivyo, haujabadilika mkono. Itifaki ya pili inasema misaada ipelekwe kwa ridhaa ya dola husika. Azimio 46/182 la Baraza Kuu, la mwaka 1991, linasema hivyohivyo. Dola haitakiwi kunyima ridhaa bila sababu, ila ni nani wa kuiambia kwamba sababu yake haitoshi?

Je, kuna mambo yanayofanana na hayo siku hizi?

Nagorno-Karabakh ni mfano wa karibu kabisa. Kuanzia Desemba 2022 njia ya Lachin, barabara pekee kati ya Armenia na eneo hilo la Waarmenia lililokuwa limejitenga na Azerbaijan, ilizibwa. Azerbaijan ikasema chakula kipo, kipite Aghdam, yaani kwake. Waarmenia wa Karabakh wakakataa kwa miezi, kwa sababu ambazo msomaji wa majibu ya juu anaweza kuzitaja mwenyewe. Hatimaye, tarehe 18 Septemba 2023, malori ya Msalaba Mwekundu yaliingia kwa barabara zote mbili kwa siku moja. Kesho yake Azerbaijan ilishambulia, na zaidi ya watu 100,000 wakahama.

Karibu na kwetu kuna Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 hawakutangaza nchi, kwa hiyo si Biafra, lakini ugomvi wa kibali ni uleule. Uwanja wa ndege wa mji huo ulifungwa walipouteka Januari 2025. Oktoba mwaka huo, kwenye mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba ungefunguliwa kwa ndege za misaada ndani ya wiki chache. Kinshasa ilikuwa tayari kutoa idhini. M23, waliokuwa wakiushikilia uwanja wenyewe, wakasema hawakuulizwa.